Tope la Ndiva ni Dhima ya Nani?

Jua linapokuchwa Upare Kusini, wilayani Same, na wakulima wa mabondeni wakaacha majembe kwa kuwa giza halimruhusu mtu kuongoza maji shambani, vijito vinavyoshuka kutoka misitu ya Shengena haviachi kutiririka. Na maji hayo ya usiku, ambayo lau si tadbiri ya wahenga yangalipita yakaishia nyikani bila ya kumfaa mtu, ndiyo yaliyowafanya watu wa milima ile wachimbe, tangu zama ambazo hakuna aliye hai awezaye kuzikumbuka, mabwawa madogo ya udongo yaitwayo ndiva. Jioni kizibo hutiwa, usiku kucha maji hujikusanya nyuma ya tuta, na alfajiri wenye zamu hufika na majembe yao, kizibo kikatolewa, maji yakashuka mferejini kwa nguvu. Katika nguvu hiyo mna faida kubwa kuliko zote. Kijito chembamba kikiachwa kitiririke chenyewe katika mfereji wa udongo hunywewa na ardhi kabla hakijafika mbali, bali maji yaleyale yakikusanywa kwanza na kuachiliwa kwa pamoja hufika hata shamba la mwisho.

Naandika habari za ndiva kwa kuwa katika mazungumzo ya taifa juu ya maji, ambayo miaka hii yametawaliwa, tena kwa haki, na bwawa kubwa la Rufiji lenye uwezo wa kutoa megawati 2,115 za umeme, haya madogo hayana msemaji. Na kitu kisicho na msemaji, hata kikiwa na manufaa yaliyo dhahiri, huachwa kikafa kimya kimya. Rai yangu, ambayo nitajitahidi kuieleza kwa insafu, ni kuwa mabwawa haya yanadhoofika kwa sababu tumeitenga haki ya maji na dhima ya tope: tumempa huyu cheti cha kutumia, tumemwachia yule kazi ya kuzoa, na baina ya wawili hao tuta linabomoka.

Mtu asiyekijua kilimo cha nyanda kavu aweza kuyadharau mabwawa haya kwa udogo wake. Kamisheni ya Kimataifa ya Mabwawa Makubwa hulihesabu bwawa kuwa kubwa likiwa na kimo cha mita 15 au zaidi, au likiwa baina ya mita 5 na 15 na kubeba zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Ndiva nyingi hubeba mita za ujazo mia chache tu, na zile kubwa hupita 1,000. Lakini natufanye hesabu. Kulipa shamba la hekta moja maji ya kina cha milimita 50, kiasi cha kuliokoa hindi lililokwisha kuanza kusinyaa, kunahitaji mita za ujazo 500. Basi ndiva ya mita 1,000 hunywesha hekta mbili kwa siku moja, nasi tukiondoa yanayopotea njiani tuseme ni hekta moja na nusu. Kesho yake ndiva imejaa tena. Katika mzunguko wa siku 14, ikiwa kijito hakikukatika, hekta 21 zimekunywa, na kwa kuwa wengi wa watu wale hulima vipande vya nusu ekari na ekari moja, hizo ni kaya nyingi zilizopata chakula kutokana na shimo ambalo mpita njia angelidhania ni dimbwi la kunyweshea ng'ombe.

Tena maji hayo huja kwa wakati wake. Katika nyanda za Makanya, chini ya milima hiyo, mvua za mwaka mzima aghalabu hazizidi milimita 600, nazo zimegawanyika baina ya vuli na masika, na ada yake mbaya ni kukatika katikati ya msimu kwa wiki mbili au tatu, hata mkulima aliyepanda mapema, akapalilia vizuri na kushukuru kwa mwanzo mwema, akaliona shamba lake likigeuka rangi mbele ya macho yake. Kukatika huko kukiangukia siku ambazo hindi linatoa mbelewele na kushika punje, msimu umekwisha, ijapokuwa mvua itarudi baadaye kwa wingi. Maji ya siku moja tu katika wiki ile ndiyo yanayopambanua nyumba itakayovuna na nyumba itakayonunua unga kwa mkopo. Na hapa ndiva ina ubora juu ya lambo la kuhifadhi maji ya msimu mzima: jua la nyanda zile huweza kunyanyua kutoka bwawa lililo wazi maji ya kina kinachokaribia mita mbili kwa mwaka, lakini ndiva, kwa kuwa hujaa usiku na kumwagwa asubuhi, hailipi jua isipokuwa kidogo sana. Sijui taratibu nyingine ya kuhifadhi maji, kwa gharama ndogo kama hii, inayoikwepa hasara hiyo kwa ufundi mwepesi hivi.

Sasa natutazame jinsi tuta la udongo linavyoishi na linavyokufa, maana hapo ndipo penye hoja. Wajuzi huchagua udongo wenye mfinyanzi wa kutosha, huumwaga kwa tabaka nyembamba, huulowesha kwa kiasi na kuushindilia tabaka baada ya tabaka, kwa kuwa udongo uliomwagwa kwa pupa huacha ndani yake vijinjia ambavyo maji huvifuata, yakichukua punje moja moja hata njia ikawa tundu na tundu likawa pango. Mti ulioachwa ukaota juu ya tuta hupendeza kwa kivuli, lakini mizizi yake hupenya ndani, na siku mti ukifa mizizi huoza na kuyaachia maji mlango. Fuko na panya nao hufanya kazi hiyohiyo bila ya kungoja mti ufe. Fauka ya hayo pana utoro, yaani njia ya kando ambayo maji ya ziada hupitia siku ya mvua kubwa. Utoro ukizibwa kwa takataka, au ukifinywa na mtu aliyetaka bwawa libebe zaidi ya kipimo chake, maji hupanda na kupita juu ya tuta lenyewe, na tuta la udongo likishapitiwa na maji mgongoni halihitaji saa nyingi. Mabwawa ya udongo yaliyopasuka duniani yamekufa, mengi yake, kwa mojawapo ya mambo haya mawili: maji kupita juu, au maji kupenya ndani.

Wala jambo hili si la kitabuni. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo lililokuwa katika shamba kubwa lilipasuka baada ya mvua nyingi, maji na matope yakawashukia watu waliokuwa chini yake majumbani mwao, na watu wasiopungua 47 wakafa, miongoni mwao watoto. Bwawa lile lilikuwa kubwa mno kuliko ndiva, na sitaki kuyalinganisha mambo yasiyolingana. Nalitaja kwa sababu moja: walioishi chini ya tuta hawakuwa wenye mamlaka juu ya tuta. Si wao walioamua maji yajazwe kiasi gani, wala utoro usafishwe lini. Katika taratibu ya ndiva, kwa jinsi ilivyowekwa na walioianzisha, mtu anayelala chini ya tuta ndiye anayelishindilia, na macho yanayolitazama kila siku ni ya watu ambao likipasuka litabomoa nyumba zao wenyewe.

Lakini adui wa kila siku wa bwawa dogo ni tope. Kila mvua huleta udongo kutoka milimani, na mahali ambapo msitu umefyekwa na mashamba yakapanda hadi kwenye miteremko mikali bila ya makinga maji, udongo huja maradufu. Ndiva yenye kina cha mita moja na nusu ikipokea tope la sentimita 10 kila mwaka, na asitokee mtu wa kulizoa, baada ya miaka saba na nusu imebaki nusu yake. Hekta 21 zimekuwa hekta 10 na nusu, au zamu ya siku 14 imekuwa zamu ya siku 28, na mkulima aliyepangiwa siku ya 28 hana haja ya kwenda, kwa kuwa hindi lake limekwisha kukauka. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Watu huanza kuiba maji ya usiku, jirani humshitaki jirani, walio juu hulaumiwa na walio chini, na wageni wakija kusikiliza huandika katika ripoti zao kuwa pana ikhtilafu ya kijamii juu ya rasilimali ya maji, na mara nyingi chanzo cha ikhtilafu hiyo ni sentimita kadha wa kadha za tope.

Zamani kazi ya tope ilikuwa na mwenyewe. Ndiva ilikuwa na ukoo wake, yaani ukoo ambao mhenga wake alichagua mahali na kuanza kuchimba, na mzee wa ukoo huo alikuwa na hadhi ya kusimamia zamu. Kabla ya mvua mbiu ilipigwa, watu wakatoka kwa msaragambo, kila nyumba ikileta mikono yake, tope likazolewa, magugu yakang'olewa, utoro ukafunguliwa, mfereji ukafyekwa toka mwanzo hadi mwisho. Asiyefika bila ya udhuru alitozwa, na aliyekaidi kutozwa aliyaona maji yakipita mbele ya shamba lake yasiingie. Haki ya maji na wajibu wa jembe vilikuwa kitu kimoja, wala hakuna aliyehitaji kuandikiwa.

Sisemi haya kwa kutamani zamani irudi nzima nzima. Taratibu ile ilikuwa na dhulma zake, nami nazijua. Ukoo ulioanzisha ulijipendelea; mgeni aliyehamia alipata maji ya mwisho, tena kwa kunyenyekea; na wanawake, ambao ndio waliopalilia, waliomwagilia na waliovuna, hawakuwa na kauli palipoamuliwa zamu. Mtu mwadilifu hawezi kuitetea sehemu hiyo. Ila kuna tofauti baina ya kuirekebisha nyumba na kuiondoa nguzo yake, nasi, kwa nia njema, tuligusa nguzo.

Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na mamlaka ya wazee juu ya maji yakadhoofika kabla ya kuwekwa mengine ya kushika nafasi yake. Sheria ya mwaka 1974 ikayafanya maji yote kuwa mali ya umma chini ya dola, jambo ambalo lina busara yake, kwani mto mmoja huwapitia watu wengi na hauwezi kuwa wa ukoo. Lakini kwa sheria hiyo mchimbaji wa ndiva akawa, machoni pa serikali, mtumiaji asiye na haki mpaka apewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 ukaja mradi wa kuboresha umwagiliaji wa asili, uliosaidiwa na Waholanzi, ukakarabati ndiva na mifereji kadhaa, na mimi si miongoni mwa wanaoubeza, maana uliwaheshimu wenyeji kuliko miradi mingi. Ofisi ya Bonde la Pangani ikaanzishwa mwaka 1991, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikaweka vibali, ada na jumuiya za watumia maji, zenye katiba na mhuri. Yote haya yalitungwa ili maji yagawanywe kwa haki. Lakini ukisoma masharti ya kibali utaona kiasi cha maji unachoruhusiwa na ada unayotakiwa kulipa. Siku za kuzoa tope, ambazo bila yake hicho kiasi ni maandishi matupu, hazina mahali pake.

Wapare wana historia katika jambo hili ambayo watungaji wa ada wangefaidika kuisoma. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwaletea kodi ya nyongeza, mbiru, ambayo kiwango chake kilitegemea makadirio ya mali ya kila mtu, na watu hawakuona kwa macho yao namna mali ilivyokadiriwa wala kodi ilivyokuwa ikiwarudia. Mwaka 1945 maelfu yao waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, wakakaa huko bila ya silaha, wakikataa. Wanawake nao wakaingia katika harakati hizo. Na hatimaye kodi ile ya makadirio ikaondolewa. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameiandika habari hiyo kwa kirefu. Linalonivutia ni kuwa hao waliokataa mbiru ndio hao hao waliokuwa wakitoka kwa msaragambo, kazi nzito kuliko shilingi chache za kodi, kwa sababu tope walilozoa asubuhi waliyaona maji yake kesho yake. Mtu akitozwa ada ya maji inayokwenda mbali, asiione ikirudi hata kwa shepe moja, hana ila ya kulaumiwa akiichelewesha. Na akishailipa, ana hoja nzuri ya kusema kuwa tope sasa ni kazi ya yule aliyeipokea ada.

Watakuwapo wasemao kuwa dawa ni saruji: ndiva ijengewe sakafu na kuta, maji yasivuje, kazi ya mikono ipungue. Penye udongo wa kichanga usioweza kushika maji, saruji ina haki yake. Walakini saruji haizuii tope kuja, na sakafu yake ikipasuka, nayo hupasuka pale ardhi inaposogea, mkulima aliyekuwa na ujuzi wa kuliziba tuta kwa mfinyanzi na jembe hujikuta anangoja fundi na fedha kutoka wilayani. Wengine husema, na hii ni hoja nzito zaidi, kuwa umwagiliaji wa asili hupoteza maji, na kwamba maji ya bonde la Pangani yanahitajika chini kwa ajili ya miji na mitambo ya umeme. Ni kweli mfereji wa udongo huvuja. Lakini si kila kinachovuja hupotea. Sehemu yake huingia ardhini, ikalisha chemchemi na visima vilivyo chini, na migomba ya kandokando ambayo haikupangiwa zamu yoyote. Anayetaka kuupunguza uvujaji huo aanze pale ambapo maji yanapotea kweli, yaani kwenye matundu ya tuta lisilotunzwa, na matundu hayo huzibwa na watu walio karibu nayo.

Kinachotakiwa ni kidogo, nacho hakihitaji sheria mpya. Kibali cha ndiva kiandikwe kwa jina la jumuiya ya watu wanaokunywesha mashamba yao kwayo, wanawake wakiwamo katika kamati kwa kauli kamili wala si kwa kujaza viti, na ndani ya kibali zitajwe siku za msaragambo za kabla ya vuli na za kabla ya masika. Na siku hizo zihesabiwe kuwa sehemu ya ada, ili mwenye mikono asilazimike kuuza debe la mahindi kulipia maji ambayo ameyatengenezea njia kwa jasho lake. Zamu ya maji ya usiku, iliyokubaliwa baina ya vijiji vya juu na vya chini, mathalan katika bonde la Makanya kati ya Vudee na Bangalala ambako ndiva ya Manoo inajulikana, iingizwe katika kibali kama ilivyo, kwa kuwa makubaliano hayo yamekwisha kujaribiwa na ukame zaidi ya mara moja, na afisa mgeni hawezi kuyabuni mezani. Serikali kwa upande wake ichukue ile sehemu inayomshinda mwanakijiji: fundi wa mabwawa apite kila mwaka kuangalia utoro na mivujo, kwa kufuata kanuni za usalama wa mabwawa za mwaka 2013, na mawe na nyavu za kujengea utoro imara zitoke katika Mfuko wa Maendeleo ya Umwagiliaji, uliowekwa na Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka huohuo. Mfuko huo haukuumbwa kwa ajili ya skimu za mamia ya hekta peke yake. Na msitu wa Shengena ulindwe kwa nguvu zile zile zinazotumika kulinda chanzo cha bomba la mji, kwani kwa maelfu ya watu walio chini yake huo ndio chanzo cha bomba lao.

Jambo la mwisho ni la wakati. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na vuli huanza kunyesha Oktoba; baina ya nyakati hizo mbili ndipo penye vipindi vya jua kali ambavyo tope limekauka kiasi cha kuzoleka na vijito vimepungua kiasi cha kumruhusu mtu kusimama ndani ya ndiva na shepe. Madiwani wa Same na wa wilaya jirani ya Mwanga hujadili makadirio yao miezi mingi kabla ya hapo. Basi kila diwani mwenye ndiva katika kata yake na aende akalitazame tuta lake, akapime kwa fito tope lililomo, na kipimo hicho akiweke mezani pamoja na orodha ya madarasa na zahanati, kwa sentimita, apate kuulizwa mwaka ujao zimepungua ngapi.